Ninaitika kwa Jina la Kuol

Lodwar, 19 Februari 2012

Kwa Baba Mdogo Mayen,

Hujambo huko Kakuma? Mimi sijambo, ila joto la Lodwar limehamia bwenini kwetu na halina nia ya kuondoka. Msalimie Mama. Mwambie kikohozi kimepona kabisa, aache kuwauliza madereva. Mwambie mdogo wangu Tut kwamba najua ni yeye aliyechukua kalamu yangu ya bluu, na nikirudi nyumbani nitaitaka ikiwa na wino. Njugu ulizotuma zilifika, lakini mimi nilizionja tu. Nakal, jirani yangu wa dawati, amekulia na mbuzi huko Namoruputh, na akiona chakula hangoji kukaribishwa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyotaka, ili usome mwenyewe pale kwenye mashine yako ya kusaga bila kumpa mtu akusomee. Simu bado haziruhusiwi shuleni. Dereva wa lori anayekuletea vipuri vya mashine amekubali kubeba barua zetu, mradi tusimharakishe.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka huu mwalimu mkuu amebandika karatasi kubwa ya manila nje ya ofisi yake. Amepanga alama zetu kwa safu: wenyeji wa mjini, watoto wa wafugaji, wakimbizi, yatima. Chini ya kila safu ameandika wastani. Wageni wa ofisi ya elimu wakija hupelekwa pale kwanza, chai baadaye. Mimi nilikuwa wa pili katika darasa zima la saba, nyuma ya Nakal kwa alama moja, na kwa kuwa ni mkimbizi na pia ni yatima, alama zangu ziliingia safu mbili. Yatima tukaongoza shule. Nilifurahi, sikufichi.

Kisha Mwalimu Losike, anayetufundisha Hisabati na ndiye anayetunza hizo safu, akapita darasani kuwauliza yatima mzazi alifariki lini. Nikasema baba yangu, Kuol, alikufa vitani mwaka 1991. Akauliza nimezaliwa lini. Nikasema 1999. Akasema, "Ayak, hebu toa." Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyo, kila kitu kwake ni hesabu. Nikatoa. Nikapata nane, na darasa lote likapata nane pamoja nami. Mtu wa nyuma akasema, "Basi baba yake ni jini!" Tangu siku hiyo naitwa Mtoto wa Jini, hata na wale wa darasa la tatu.

Baba Mdogo, miaka hiyo miwili naijua tangu utotoni. Sikuwahi tu kuuweka mmoja juu ya mwingine nikapiga mstari chini. Nyumbani hakuna aliyeniuliza. Sasa nakuuliza wewe, maana nikimuuliza Mama atalia. Imekuwaje?

Mtoto wako,
Ayak

*

Kakuma, 30 Machi 2012

Kwa Ayak, binti Kuol,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya sufuria ya chai ya dereva. Nimeisoma. Sisi wazima. Mama yako, Ayen, amefurahi kuhusu kikohozi lakini bado anawauliza madereva. Tut anasema kalamu hajaiona, na vidole vyake ni vya bluu. Mvua imetupiga chenga mara mbili. Mgao wa mahindi umechelewa, kwa hiyo mashine imelala, nami nimelala pamoja nayo. Watu wengi wanafunga mizigo kurudi nyumbani. Kila wiki lori linaondoka kwenda Nadapal mpakani, na wale wanaobaki wanawaangalia wanaoondoka, na wanaoondoka wanawaangalia wanaobaki, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekosea.

Umeshika nafasi ya pili. Ni vizuri. Huyo mtoto wa Namoruputh mpunguzie njugu, utampita.

Kuhusu swali lako. Hesabu ya mwalimu wako ni sahihi. Jibu lako kwake pia ni sahihi. Endelea kulitoa hilohilo. Baba yako ni Kuol, alikufa mwaka 1991, nawe ni mtoto wake. Kama kuna mtu anacheka, ana meno, acha ayaoneshe.

Jambo moja. Mwisho wa barua yako uliandika "mtoto wako". Usiandike hivyo. Andika mtoto wa Kuol.

Mimi, ndugu wa baba yako,
Mayen

*

Lodwar, 17 Juni 2012

Kwa Baba Mdogo,

Habari za huko? Hapa tuko salama. Nakal anakusalimu na anauliza njugu. Nimemtumia Mama kitambaa nilichodarizi kwenye somo la ushonaji. Ua lililo pembeni lilikusudiwa kuwa ua, asije akauliza ni mnyama gani.

Likizo ya Aprili nilikuja nyumbani, nawe hukuwepo. Mama alisema umekwenda Lokichoggio kutafuta mkanda wa mashine. Nilikaa wiki tatu. Ndala zako zilikuwa mlangoni, shuka lako lilikuwa kwenye kamba, na siku niliyopanda gari kurudi shule, Tut ameniandikia, ulifika jioni. Mkanda gani huo unaotafutwa wiki tatu?

Nimeanguka. Nilikuwa wa pili, sasa ni wa thelathini na moja. Mwalimu Losike aliniita, akanionesha karatasi ya manila. Wakimbizi wameshuka, na yatima, ambao tuko watatu tu, tumekwenda chini kabisa. Akasema, "Umeangusha safu mbili peke yako. Una nini?" Nikasema sina kitu.

Wewe nitakuambia. Kila asubuhi mwalimu anaita majina. "Ayak Kuol!" Zamani nilikuwa naitika bila kufikiri. Siku hizi likiitwa, naona kama aliyeitwa si mimi. Ameitwa yeye. Naangalia mlangoni kwanza, nione kama kuna mtu anaingia. Hakuna. Ndipo naitika, "Nipo." Halafu siku nzima nahisi nimemdanganya mwalimu, kwamba nimemwitikia mtu asiyekuwepo. Nikikaa kwenye mtihani nikaandika lile jina juu ya karatasi, mkono unasimama. Naogopa, Baba Mdogo. Naogopa jina langu mwenyewe.

Nakal peke yake hacheki. Aliniambia, "Hata kwetu jina ya mzee inarudi, si kitu ya kuogopa." Lakini kwao babu hafi halafu akazaa.

Tarehe saba Julai ni siku ya wazazi. Njoo. Sihitaji useme mengi.

Mtoto wa Kuol, kama ulivyoagiza,
Ayak

*

Kakuma, 9 Septemba 2012

Kwa Ayak, binti Kuol,

Sisi wazima. Kitambaa kimewekwa juu ya redio na mama yako anawaambia wageni kuwa ni twiga mwenye afya. Mbuzi mweupe amezaa. Nyawal, jirani yetu, amerudi kwao na wanawe wote, na nyumbani mwake sasa wanalala mbwa. Nasikia walimu wamegoma nchi nzima na huenda mkarudishwa nyumbani. Ukija sitakuwepo, nina safari.

Siku ya wazazi kulikuwa na kazi nyingi ya mashine.

Nimeona heri nikueleze, maana kuanguka kwako si kwa akili, na mimi sitaki Kuol alaumiwe kwa alama zako.

Kuol alinitangulia kuzaliwa. Alikuwa mrefu kuliko mimi na aliimba vibaya sana. Vita vilipofika kwetu alinisukuma mimi kwanza kwenye mto, yeye akabaki nyuma. Alikuwa hajaoa. Hana mke, hana mtoto, hana mtu wa kuitwa kwa jina lake. Tulipofika Kakuma nikaanza kuumwa. Hospitali hawakuona kitu. Kila nikilala, Kuol anakuja, anasimama mlangoni. Haingii. Ananiuliza moto wake uko wapi.

Kwetu jambo hili lina njia yake. Aliyekufa bila kuoa, ndugu yake humwolea mke kwa jina lake. Ng'ombe wa babu yako waliobaki walikuwa wa mke mmoja tu, si wa wawili. Wazee wakasema mke huyo ni wa Kuol. Mama yako alijua, na wazazi wake walijua. Siku ya ndoa lilitajwa jina la Kuol mbele ya watu wote. Mimi nilishika kamba za ng'ombe. Nyumba ni ya Kuol. Wewe ni wa Kuol, Tut ni wa Kuol. Mimi nipo kwa niaba.

Tangu ulipozaliwa hajasimama tena mlangoni. Kwa hiyo jina likiitwa, usiangalie mlango. Hayupo pale. Wewe ndiwe moto wake. Itika.

Mimi, ndugu wa baba yako,
Mayen

*

Lodwar, 14 Oktoba 2012

Kwa Baba Mdogo,

Nakusalimu, na Mama, na Tut. Mgomo umekwisha na tumerudi madarasani. Kama ulivyosema, nilipokuja nyumbani hukuwepo. Mama alipika, akaweka sahani yako, akaifunika, na asubuhi akampa Tut.

Sasa nisikilize. Etabo, askari wetu wa lango, aliniita jana. Akanisalimu kwa lugha yao, "Ejok, Ayak. Siku ya wazazi kuna mtu mrefu alikuja, nywele yake iko na unga. Nikamuuliza, wewe ni nani ya huyu mtoto? Kitabu ya lango inataka niandike. Akaangalia kitabu. Nikamuuliza tena, wewe ni nani yake? Akasimama tu hapo mpaka jua ikageuka. Halafu akaacha hii mfuko, akaenda. Walimu wakagoma, nikasahau kukupatia. Pole."

Akanipa mfuko wa njugu. Zimeingia wadudu.

Ulisema ulikuwa na kazi nyingi ya mashine. Umepanda gari kutoka Kakuma hadi Lodwar, ukafika, ukaulizwa swali moja dogo, likakushinda, ukarudi. Nami nilikuwa ndani, umbali wa kutupa jiwe, nimekalia benchi la wasiokuwa na wageni. Nimekasirika, na sitaandika kwamba sikukasirika.

Uliyonieleza kuhusu Kuol nimeyaelewa. Yamenipa usingizi kidogo. Lakini nimefanya hesabu nyingine ambayo Mwalimu Losike hakuniuliza. Ng'ombe walikuwa wa mke mmoja. Mke ni wa Kuol. Watoto ni wa Kuol. Basi wewe una nani? Ukifa wewe, nani ataitwa kwa jina lako?

Na kuna jambo lingine, hili ni la shule. Mwezi Machi mwakani majina ya watahiniwa wa darasa la nane yanapelekwa. Mwalimu mkuu anasema miaka yangu haikubaliani na ya baba yangu, kwa hiyo nimedanganya kuhusu uyatima ili safu yake ipande au ishuke, hata sijui. Anataka mzazi aje aseme ukweli, la sivyo hatapeleka jina langu. Bila mtihani huo nimekwisha, nitarudi Kakuma kungoja kuolewa.

Ukisema baba yangu ni wewe, nitaandikwa Ayak Mayen, wataacha kucheka, na mambo yataisha. Ukisema ni Kuol, sema. Lakini uingie ndani.

Ayak

*

Kakuma, 3 Februari 2013

Kwa Ayak, binti Kuol,

Sisi wazima. Tut ameng'oka jino. Samahani kwa kimya. Desemba ulipokuwa hapa nilikuwa Lokichoggio, na safari hii hata mkanda sikuutafuta, nilikaa tu.

Mwaka unapoanza watu huja kusaga na kuzungumza, na wanauliza lini nitaoa. Nawaambia mashine inanitosha.

Hilo swali lako la pili, la nani ataitwa, nimelisoma mara nyingi.

Machi nitakuja. Nitaingia.

Mimi, ndugu wa baba yako,
Mayen

*

Lodwar, 24 Machi 2013

Kwa Baba Mdogo,

Natumaini ulifika salama na gari halikuwalaza njiani. Msalimie Mama na umwambie sabuni ilitosha.

Ulikuja, ukaingia, nami nakushukuru. Ulikuwepo, kwa hiyo sina haja ya kukusimulia, lakini naandika hivyohivyo kwa sababu tulipotoka pale hatukuzungumza. Ulinunua soda mbili, ukaniangalia nikinywa, ukaondoka.

Mwalimu mkuu alikuuliza, "Wewe ndiye baba ya huyu msichana?"

Ukasema, "Hapana. Mimi ndugu ya baba yake."

"Alikufa lini?"

"Tisini na moja."

"Na msichana amezaliwa tisini na tisa."

"Ndiyo."

"Sasa nani alimzaa, bwana?"

"Kuol."

Akaweka kalamu chini. Nilidhani sasa atatufukuza. Ndipo Mwalimu Losike, aliyekuwa amesimama karibu na kabati, akasema, "Mwalimu, karatasi imeuliza jina la baba, na huyu mzee amelitaja. Mtoto amelitaja. Mama yake pia, nina hakika, atalitaja. Tunatafuta lingine la nini?" Mwalimu mkuu akaangalia dari, akaandika Kuol. Nyuma ya kiti changu niliuhisi mkono wako. Ulikuwa umeshika ubao wa kiti.

Halafu akasema mlezi atie sahihi. Ukasema, "Mimi sijui kuandika." Ukaomba wino, ukabonyeza kidole gumba.

Barua zako zote ziko ndani ya sanduku langu, Baba Mdogo. Una mwandiko mzuri kuliko wangu. Niliposikia ukisema hujui kuandika nilitaka kulia mbele ya walimu, si kwa sababu ulidanganya. Sielewi hata sasa ni kwa sababu gani. Kwa nini hukuandika jina lako?

Jina langu limepelekwa. Nitafanya mtihani Novemba. Wiki hii limeitwa kila siku na sikuangalia mlango. Nimerudi nafasi ya nne, na Losike ameanza kunipigia kelele kama zamani, maana yake amefurahi.

Mtoto wa Kuol,
Ayak

*

Bor, 20 Novemba 2013

Kwa Ayak,

Barua hii inapita Nadapal na Lokichoggio mikononi mwa madereva watatu, na mmoja wao ni mlevi. Ikikufikia, ujue umebarikiwa. Niko nyumbani kwetu tangu Agosti, kama mama yako alivyokuambia. Mashine nimemwachia yeye. Nasikia anasaga vizuri kuliko mimi na hakopeshi mtu.

Hapa kuna maji na majani mpaka unashangaa. Mti tuliokuwa tukiupanda na Kuol bado upo. Nilikaa chini yake nikaimba wimbo wake, vibaya kama yeye, na watoto wa jirani wakakimbia.

Kufikia sasa umemaliza mtihani. Sikutaka kukuandikia kabla, usije ukawa na jambo jingine kichwani.

Uliniuliza kwa nini sikuandika jina langu. Nilikaa nalo miezi yote hii. Karatasi ile ilikuwa ya Kuol, na wewe uliandikwa pale kama mtoto wake. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikiliona jina langu kwenye karatasi moja na lako, nitaona jinsi linavyopendeza hapo, na sitaweza tena kutoka ofisini nikiwa yule niliyeingia.

Lile swali lako lingine, la nani ataitwa, nimekuja kulitafutia jibu. Mjomba amenipa ng'ombe, na unga wangu wa miaka mingi umegeuka ng'ombe wengine. Nimezungumza na watu wa mwanamke mmoja, anaitwa Nyakim. Ni mjane, ana maneno mengi. Januari tutafanya ndoa. Safari hii jina litakalotajwa ni langu. Ukisikia watu Kakuma wanacheka kwamba mzee anaoa, ujue na mimi nacheka.

Ukishika nafasi ya kwanza, mpe Nakal njugu kwa niaba yangu.

Mayen

*

Kakuma, 30 Desemba 2013

Kwa Baba Mdogo Mayen,

Mama ameniambia nikuandikie. Nilimuuliza itapelekwa wapi, akasema, "Mwandikie tu. Amezoea kujibiwa."

Barua yako ilifika mkesha wa Krismasi. Wakati huo vita vilikuwa vimeanza huko, simu yako ilikuwa haipatikani, na malori ya Nadapal, yaliyokuwa yakienda yamejaa na kurudi matupu, sasa yanakwenda matupu na kurudi yamejaa. Nyawal amerudi, bila mtoto wake wa mwisho. Amewafukuza mbwa nyumbani kwake. Mama alikuwa akienda kila siku yanaposhusha watu, anaangalia warefu wote. Mimi nilisoma barua yako mara ya kwanza nikicheka, kwa sababu ya huyo Nyakim wa maneno mengi. Juu umeandika "Kwa Ayak" na ukaishia hapo. Chini umeandika jina lako na ukaishia hapo. Niliona. Sikumwambia mtu.

Juzi amefika Awan, yule mwenye jicho moja aliyekuwa akisaga kwako. Alikaa chini kabla ya kusalimu, tukajua. Akasema, "Sisi tulikuwa tumeshavuka mto. Yeye akasema ng'ombe ziko kwa kamba, zitaungua. Ni ng'ombe ya ndoa. Akarudi kufungua. Sisi tulimkuta kesho yake, tukamzika haraka, hata wimbo hakuna. Ng'ombe zilichukuliwa. Huyo mwanamke hatujui ako wapi."

Mama hakupiga kelele. Aliingia ndani akatoka na ndala zako, akaziweka mlangoni, kama ambavyo zilikuwa zikikaa kila nilipokuja likizo nawe hupo. Nimekuwa nikizipita tangu juzi. Nina hasira nawe bado, na ninalia, na vyote viwili vinanijia kwa wakati mmoja. Ulikuwa umekaribia sana.

Matokeo hayajatoka. Kwenye mtihani wa majaribio nilishika nafasi ya kwanza, nikampita Nakal kwa alama mbili, naye akakaa siku nzima bila kusema nami, kisha akaja kulala kitandani kwangu. Yatima tuliongoza karatasi ya manila. Siku ya mwisho Mwalimu Losike aliibandua, akanipa ile sehemu yenye safu yetu. Nilitaka kuja kukuonesha.

Jana jioni Tut, ambaye bado anaiba kalamu, alisimama mbele ya Awan na wazee akasema mke wake wa kwanza hatakuwa wake. Atakuwa wako. Sauti ilikuwa ya mtoto lakini wazee waliitikia kwa vichwa. Wote wakaniangalia mimi, kwa sababu wanajua ng'ombe wa Tut watatoka wapi. Watatoka kwenye mahari yangu nikiolewa. Wanawake wawili wamekwisha kunipima urefu kwa macho. Mama akawaambia, "Shule kwanza. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeingia ofisini kwa ajili ya shule hiyo."

Kwa hiyo itabidi usubiri, Baba Mdogo. Nikipita nitakwenda sekondari, na itachukua miaka, na huko nje utakuwa huna moto. Najua ni vibaya. Najua mtu wa namna hiyo hufanya nini. Kama ni lazima usimame mlangoni kwa mtu, usimwendee Tut, ni mdogo, ataumwa. Simama kwangu. Mimi nimezoea kuangalia mlango, na kwangu unaweza kuingia.

Sitakuita jina ulilolikataa mbele ya mwalimu mkuu. Nitaandikwa Ayak Kuol mpaka mwisho, na nikiitwa nitaitika. Lakini Tut akishakuolea, na mtoto wa nyumba yako akazaliwa, nitamfundisha Hisabati mimi mwenyewe. Siku moja mwalimu wake atamuuliza baba yake alikufa mwaka gani, naye atasema 2013, na darasa litatoa na kucheka. Siku hiyo nitapanda gari niende shuleni kwake. Askari wa lango akiniuliza mimi ni nani wa huyo mtoto, sitasimama pale mpaka jua ligeuke. Nitamwambia aandike: dada yake, wa baba mmoja.

Ayak